Shuka ya Bibi Kwenye Ngome ya Mombasa

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana aliingia kwenye karakana yangu pale Nyakato, simu mkononi. Alitaka bendera za majeshi ya karne ya kumi na saba, ya Wareno na ya Waarabu wa Omani waliogombea ile ngome ya Mombasa, kwa ajili ya igizo la shule. Akagusa kioo mara mbili, akasema picha hizi hapa. Nikamwambia arudishe simu mfukoni, bendera hizo ziko kichwani mwangu. Hakuamini. Basi rafiki yangu, kaa nikusimulie. Mimi niliyeishia darasa la saba, ambaye leo vyerehani kumi na vinne vinanisikiliza, bendera hizo nilizitafuta wiki tatu, kwa miguu na kwa malori ya pamba.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Nilikuwaga kwa bibi, upande wa Butiama. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Unga ni wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Bibi aliuchanganya na wa muhogo, tukala na furu wakavu, wale samaki wadogo ambao harufu yao ilikuwa inakukuta njiani kabla hujafika nyumbani. Ila nguo ndiyo ilikuwa kazi. Khanga zikija kijijini zinagawiwa kwa kura, na tuliona watu wazima wakizikwa kwenye magunia.

Bibi alikuwa na shuka moja nyeupe ya kabla ya shida, kaikunja ndani ya sanduku la bati. Ilikuwa ya siku yake ya kuzikwa. Kila Jumapili baada ya misa aliianika kwenye ua wa minyaa, akakaa pembeni kuilinda na kuku. "Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita wajukuu, "mimi sitaingia ardhini kwenye gunia kama mtama."

Mwalimu wetu wa historia akaandaa igizo la siku ya wazazi. Akasema hataki bendera za kubuni, anayeweza akatafute za kweli. Mimi niliyekuwa nashika mkia darasani nikanyoosha mkono. Wakacheka wote.

Nikaenda Musoma kwa padri, mzungu mzee mwenye kitabu kikubwa kilicholiwa na mende. Akanionyesha bendera ya Wareno: nyeupe, katikati ngao ya mfalme yenye ukingo mwekundu, vingome vya njano, na vingao vidogo vitano vya bluu. Nikanakili kwa penseli kwenye karatasi ya sukari. Kisha nikaenda Bunda kwa Mwarabu mwenye duka, ambaye rafu zake zilikuwa na viberiti na vumbi tu. Nikamwambia kwamba mwalimu wetu anasema bendera ya kwao ilikuwa nyekundu.

"Nyekundu imekuja baadaye, na masultani," akasema. "Imamu, mtawala wa Omani wa wakati ule, alipandisha nyeupe. Mwalimu wako alikuwepo?"

"Kwani wewe mzee ulikuwepo?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akanipa tende mbili, akasema aliambiwa na babu yake, na babu yake hakuwa mtu wa mchezo.

Mwalimu aliposikia akajikuna kichwa. "Zote nyeupe? Wazazi watajuaje nani ni nani? Tutumie pazia jekundu la ofisini."

"Mwalimu, si ulisema za kweli?"

"Haya, mtu wa kweli. Kitambaa cheupe utaleta wewe."

Hapo ndipo nilipopotea. Ya Imamu tuliishona kwa magunia meupe ya unga, maandishi tukayageuzia ndani. Yakaonekana kinyume kwa nje, siku ya igizo akina mama wakanong'ona kwamba ni Kiarabu. Ya Wareno magunia hayakutosha. Jumatatu bibi alipokwenda shambani nilifungua sanduku, nikaitoa shuka. Niliwaza nitaifua na kuirudisha kabla ya Jumapili. Wekundu nikachora kwa wino wa mwalimu wa kusahihishia, bluu ni ile ya kufulia, njano ni manjano ya jikoni. Na nikwambie ukweli, ilikuwa nzuri. Mpaka leo sijatoa kazi iliyoishinda ile.

Siku yenyewe nilikuwa mshika bendera wa Wareno. Bibi alikaa mbele. Bendera ilipofunguka nikamwona anainua shingo, anatazama pindo lake la uzi wa kahawia, alilolishona mwenyewe. Akaweka mkono mdomoni.

Sasa igizo liliisha hivi: Wareno wanashindwa, bendera yao inashushwa, askari wa Imamu wanaikanyaga. Ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja matope. Askari wote wanane wakanijia na miguu yao. Nikaing'oa bendera kwenye mti wake, nikakimbia.

"Umeshindwa wewe," mwalimu akapiga kelele. "Kaa chini, umeshindwa."

Nilizunguka uwanja mzima, jeshi la Imamu nyuma yangu, wazazi hoi kwa kicheko, nikaitupa shuka mapajani kwa bibi, nikaangukia miguuni pake. Akaikunja taratibu. "Mume wangu," akasema, "vita gani hii ya kukimbilia kwa mke?"

Aliifua mara nyingi. Bluu na njano vikatoka, wino wa ukingo wa ngao ukabaki duara la waridi. "Libaki," akasema. "Nikiulizwa huko nitasema ni la mume wangu."

Alifariki miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa mpaka kwenye majani, na mimi fundi mwenye jina sokoni. Nilifika na kitambaa cheupe mita kumi. Shangazi akafungua sanduku, tukaliona lile duara. Kitambaa changu nilikirudisha mjini.

Siku hizi nguo nyeupe iko kila duka, na simjui bibi mmoja anayekaa uani Jumapili kulinda shuka na kuku. Wa kumwambia kwamba nimefanikiwa hayupo pia.

Yule mwalimu kijana nilimshonea zote mbili. Alipokuja kuzichukua nikamuuliza kama mwishoni ya Wareno inakanyagwa. Akasema ndiyo.

"Hiyo haikanyagwi," nikamwambia. "Waambie wakimbie nayo."

"Lakini mzee, historia haisemi hivyo."

"Historia naijua," nikasema. "Nilikuwepo."