Madoa Chini ya Pikipiki ya Baba

Nimemchafulia fundi jina, naye hakuwa na kosa. Bora niseme mwenyewe.

Pikipiki kuukuu ya marehemu baba ilikuwa ikivuja oili. Fundi Salum, hapa Ibra, akabadilisha gasketi zote za injini. Wiki ya pili nikakuta madoa meusi sakafuni. Basi kila baraza niliyokaa nikatangaza: "Salum hajui kazi." Wateja wakaanza kumkimbia.

Juzi, siku niliyochukua likizo, akaja nyumbani. Hakugomba. Aliosha injini, akaikausha, akaipaka poda ya watoto ili uvujaji uonekane unapoanzia. Tukaiwasha robo saa. Poda ilibaki nyeupe pe.

"Wallahi haivuji," alisema.

"Na haya madoa?" nikamwonyesha, kama hakimu.

Akagusa doa, akanusa kidole. "Linanukia nazi, bwana."

Mara mama akatokea na kitambaa na kikombe cha mafuta ya nazi.

"Shikamoo, bibi," Salum akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio huyu, akenda kazini Nizwa, mie huipaka pikipiki ya baba yake. Unguja marehemu akiipaka hivi isiliwe na chumvi ya bahari."

"Mama, Ibra hakuna bahari."

"Najua," alijibu, akimimina juu ya tangi. Mafuta yakateremka kwenye injini, yakachukua poda badala ya masizi ya kila siku, yakadondoka sakafuni. "Salum, nasikia kuna mpumbavu anakusema hujui kazi. Nani huyo?"

Salum akanigeukia, akangoja nijibu mwenyewe.