Ng'ombe Kumi na Watatu na Lori la Pua Ndefu

Lori langu liliwahi kuwa la jeshi, na lina pua ndefu kama jirani anayependa habari za watu. Nililinunua kwenye mnada likiwa halina injini wala mlango wa kushoto, na ndani ya kebini kuku alikuwa ameshataga. Mayai nayo niliyaingiza katika kubembeleza bei.

Fundi wangu wa Noonkopir aliliwekea injini ya basi, kiti cha benchi la kanisa, na mlango aliouchonga kutoka kwa pipa la mafuta. Kwa kuwa injini ya basi ilizoea abiria na si marobota ya nyasi, aliunga gia boksi mbili, moja nyuma ya nyingine, kila moja na mti wake wa gia.

"Ukiweka rivasi zote mbili, inaenda mbele," alinieleza bila kucheka.

Nikamwambia nawajua watu wa namna hiyo.

Juu ya kebini aliweka tangi la maji lenye mipira miwili ya kuteremshia maji. Mmoja unaongezea radieta. Mwingine unadondoshea breki za nyuma, maana breki za chuma hicho zikipata moto husahau kazi. Mifereji yake iko kando ya goti la dereva. Vijana wa stendi ya Kitengela walipoona lori linatoka maji huku likitembea, waliniuliza kama linanyonyesha.

Kazi yangu ni kuuza nyasi, kwa hiyo ukame ukija watu huniamkia kwa heshima zaidi. Mwaka ule wa ukame mkali alikuja mama mmoja Mmaasai kutoka ng'ambo ya mji wa Kajiado, mteja wangu wa miaka mingi. Safari hii hakuja kununua.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimaasai; yeyo ni mama.

"Iko," akaitikia. Akalizunguka lori polepole, mkono mgongoni. "Hii mzee itafika Rombo?"

"Ikipewa maji, itafika."

Rombo mvua ilikuwa imenyesha, na dada yake alikuwa na malisho huko. Ng'ombe wa mama huyu walibaki kumi na watatu, wote mifupa, na kutembea hadi huko wasingeweza. Mumewe alikuwa amekufa, na shemeji yake alishaleta dalali kupima shamba lao. Hesabu ya shemeji ilikuwa fupi: ng'ombe wakiisha, karo ya watoto haipo; karo ikikosekana, ardhi inakatwa ploti. Wenye malori mapya walimkatalia. Ng'ombe dhaifu akianguka ndani ya lori, wenzake humkanyaga hadi afe, halafu inakuwa kesi.

"Na wangu wakianguka?" akauliza.

Fundi, aliyekuwa chini ya lori, akatoa kichwa. "Haiwezi anguka kama haina mahali ya kuangukia."

Alikuwa na mikanda mipana ya mpira, ile ya kubebea mawe kwenye machimbo, ambayo nilimkataza kuinunua na akanunua. Aliikata, akaitundika kwenye vyuma vya juu vya bodi ili kila mkanda upite chini ya tumbo la ng'ombe mmoja. Ng'ombe akilegea, anakaa kwenye mkanda kama mtoto mgongoni. Huyo mama aliingia ndani, akajilaza kwenye mkanda mmoja kwa tumbo, miguu ikaning'inia. Akatoka akitengeneza shuka.

"Tutaenda," akasema.

Wakati wa kupakia nilinyoosha kidole nianze: mmoja, wawili. Alikishika kidole changu akakikunja.

"Ng'ombe haionyeshwi kidole. Unataka ipungue?"

Hata mama yangu mzazi, Mkikuyu wa kanisa, hakupenda watoto wake wahesabiwe. Lakini mimi ni mfanyabiashara. Nilihesabu kwa macho, halafu nikarudia. Kumi na watatu. Watatu walio hoi zaidi tuliwafunga kwenye mikanda, wengine wakasimama.

Tulipita njia ya Mashuuru, fundi akiendesha. Jua lilikuwa limekaa juu ya kichwa tulipofika kwenye korongo kavu lenye mlima mrefu wa mawe ng'ambo yake. Katikati ya mlima, mvuke ukatoka puani kwa lori. Fundi akasimamisha, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapanda kuchungulia tangi.

"Imebaki robo. Hiyo ni ya injini."

Mama alishachungulia ndani ya bodi. Mmoja wa wale wa mikanda alikuwa ametoa ulimi.

"Ni ya ng'ombe," akasema.

"Yeyo, injini ikikauka tunalala hapa sisi wote."

"Na ng'ombe ikikufa, hiyo injini inapeleka nini Rombo? Inapeleka wewe ukatembee?"

Wote wawili wakanigeukia mimi, mwenye lori. Katika maisha yangu ya kubishana bei nimejifunza kwamba pande mbili zikiwa na haki, tafuta kitu cha tatu cha kupunguza. Nikauliza: je, tukipunguza uzito? Wale kumi wenye nguvu wateremke wapande mlima kwa miguu. Lori likiwa jepesi litakunywa kidogo, na maji yatakayobaki wapewe wale watatu.

Fundi akakuna shingo. "Inaweza."

Wakateremka. Mama akatangulia akiimba kwa sauti ya chini, nao wakamfuata kwa mstari. Lori likaja nyuma yao kwa gia ndogo za boksi zote mbili, polepole hivi kwamba nilitembea kando yake bila kuhema. Breki zilikuwa zinadondosha maji kwa sababu fundi alisahau kufunga mfereji wa pili. Nilimpigia kelele, akafunga, lakini njia nzima nyuma yetu ilikuwa na madoa ya maji.

Juu ya mlima tukawapa wale watatu maji kidogo, tukapakia tena. Nikahesabu kwa macho: kumi na watatu. Nikarudia: kumi na watatu. Nikamwambia fundi awashe.

"Bado," mama akasema. Alikuwa anaangalia nyuso. "Yule wa paji jeupe hayuko."

"Yeyo, wametimia. Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu huyu?" Akampiga kofi la mgongo ng'ombe mmoja wa kijivu. "Huyu si wangu. Huyu hata mimi hanijui."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe wa watu, sijui wa boma gani, alikuwa ameramba yale madoa ya maji hadi kwetu, akapanda lori pamoja na wengine kama aliyelipa nauli. Hesabu yangu ilikuwa sawa kabisa, na ng'ombe mmoja alikuwa amepotea.

"Wa paji jeupe ana mimba," mama akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kubishana. Niliona anajumlisha: ng'ombe, ndama, maziwa, karo, shamba.

Fundi akasema kurudi chini ni kumaliza maji yote. Hakukataa, alinipa tu bei. Nikaangalia ile njia ya mawe. Huwa napenda kuomba nipunguziwe, lakini hapo hapakuwa na wa kumwomba.

"Rudi," nikamwambia.

Alirudi kinyumenyume, kichwa nje ya mlango wa pipa, mfereji wa breki wazi. Tulimkuta ng'ombe ameteremka badala ya kupanda, amelala ndani ya korongo, chini ya kivuli cha ukingo, macho yakiwa wazi. Tulimteremsha yule wa kijivu, naye akaenda zake. Kisha tukafungua mkanda mmoja wa akiba, tukaupitisha chini ya huyu aliyelala, tukamvuta juu ya ubao wa kupandia kwa kamba na kapi. Mama alisukuma kwa bega. Mimi nilisukuma kwa bega na maneno. Maji ya mwisho kabisa fundi aliyakinga kwa kofia yake, nusu akampa ng'ombe, nusu akaipa radieta. Tulipanda ule mlima tukipumzika kila kona. Chumvi ya jasho ilikuwa imekauka usoni kwetu tulipopata kisima cha watu na kuruhusiwa kuteka.

Rombo tulifika jua likizama. Kumi na wawili waliteremka, wengine wakiyumba, wakaelekea kwenye majani. Wa paji jeupe tulimteremsha na mkanda wake, akabaki chini. Mama alimshika mkia. Mimi nikashika pembe, sikujua kama ndiyo desturi, lakini hakunikataza.

"Sasa," akasema.

Tukainua. Akapiga magoti, akarudi chini. Tukainua tena. Miguu ya nyuma ikatetemeka, ikashika ardhi. Alisimama pale muda mrefu, akihema, mama akimwegemea ubavuni kwa mwili wote, hadi kichwa kikainama na nikasikia majani yanakatika.

Mama hakuondoka ubavuni pake. Kwa mkono mmoja akatoa simu ndani ya shuka, akampigia shemeji yake, yule aliyeleta dalali. Waliongea Kimaasai kwa kirefu, shemeji ndiye aliyeongea zaidi. Mimi nilielewa neno moja tu, la kukataa, nalo mama alilisema kwa upole, kisha akalirudia.