Brashi Niliyoilamba Asubuhi Nzima

Jamani, mliopo hapa mjini Masoko, leo msinikaribishe chakula.

Mnajua najifunza kupaka rangi visanamu vya udongo, vile vya urefu wa kidole. Leo nilikuwa napaka macho ya kisanamu cha muuza pweza. Macho yamenishinda wiki nzima, kila nikipaka mtu anatoka kama kaona jini.

Siri ni ncha ya brashi. Unailamba, inachongoka, ndipo unatia nukta.

Nikalamba. Nikatia nukta. Nikalamba tena. Ina chumvichumvi, nikajua ni rangi tu.

Jicho likakaa! La pili nalo likakaa! Mtu kabisa ananitazama!

Mara bibi yangu akaja kutoka uani. "Mjukuu wangu, umemaliza na hiyo brashi? Nataka nimpake mbuzi dawa. Kidonda bado kinatoa usaha."

USAHA.

Kumbe anaitumia tangu juzi! Nikakimbilia bombani, nikasukutua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa sabuni. Ladha haitoki!

Bibi kanifuata. "Una nini?"

"Bibi, nimeilamba asubuhi nzima!"

Akanitazama kwa kinyaa, eti mimi ndiye mchafu.

"Mbuzi nimemfunga shingo asilambe kidonda. Wewe mtu mzima unalamba?"