Kitambulisho Juu ya Koti

Utepe wa kitambulisho changu cha kazi umelowa theluji, unanuka kama soksi zisizokauka. Ndivyo alivyonuka Baba nilipokuwa mdogo, alipoingia ndani na kuniinua kifuani. Alikuwa nesi, lakini hata siku za mapumziko, akienda kuzoa theluji mbele ya nyumba yetu, alivaa kitambulisho cha hospitali juu ya koti.

"Baba watoto, kwani hapo ni kazini?" Mama alimtania.

Baba hakucheka. "Katika mtaa huu, watu weusi ni sisi tu. Majirani wakiona hiki, hawaniulizi natafuta nini hapa."

Mimi nilidhani baba wote huvaa hivyo.

Sasa hivi mwanangu amenifungulia mlango, akakitazama kitambulisho kifuani mwangu. "Umetoka kazini?"

"Hapana," nikamjibu, nikiegemeza koleo ukutani. "Nilikuwa hapo nje, nazoa theluji yetu."