Marta Aliyeingia Bomani

Asubuhi ile tulikuwa tunapura maharage uani kwangu, Nyakatuntu, mimi na Marta. Jua lilikuwa jema na maganda yalikauka vizuri. Marta alipiga fimbo yake kwa nguvu hadi punje zikarukia kwenye migomba, na kuku wakazikimbilia. Binti yangu Kokunura, ambaye hata meno hakuwa ameota, alikuwa amelala kwenye mbeleko mgongoni kwangu. Tulikuwa tunabishana juu ya chumvi. Mimi nilisema ya mfanyabiashara wa Bugene ina mchanga, yeye akasema mchanga ni wa chungu changu.

Marta alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa homa kabla hawajapata mtoto, na ndugu za mume wakamwachia shamba dogo linalopakana na letu. Tulibatizwa siku moja, yeye na mimi, wakati wasomaji, ndivyo Wakristo walivyoitwa, katika kijiji chetu walikuwa wachache na watu walituona kama tumerogwa. Yeye alijua kusoma. Mimi nilishika yale aliyonisomea. Tangu siku ile aliniita dada, na hakuwahi kuniita vingine isipokuwa akikasirika.

Habari za vita tulikuwa nazo. Mdachi na Mwingereza walikuwa wanapigana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Kagera, na siku nyingine tulisikia mizinga kama ngurumo zisizo na mvua. Askari wa Mdachi walitaka wapagazi. Wanaume waliochukuliwa mara ya kwanza hawakurudi, kwa hiyo mara ya pili wanaume wote walikimbilia kwenye mafunjo ya bondeni. Mume wangu Kamugisha alikuwa huko siku ya tatu.

Askari walipokuta kijiji hakina wanaume, walichukua wake zao.

Walikuja kabla hatujamaliza kupepeta. Mmoja alinishika mkono.

"Mume wako yuko wapi?"

"Sijui."

"Atajua yeye ulipo wewe."

Marta alisimama na fimbo yake mkononi. Walimwuliza, akasema mumewe yuko kaburini. Wakamwacha.

Tulipelekwa Isingiro, kwenye boma la miti na miiba walilolijenga kandokando ya kambi. Tulikuwa wanawake kama ishirini, wengine na watoto. Hakukuwa na paa. Walitupa ndizi mbichi bila moto wa kuzipikia, na maji yalitoka kwenye dimbwi ambalo nyumbu wao walikuwa wanakunywa.

Kesho yake jua likiwa utosini nilisikia sauti ya Marta langoni. Alikuwa na kikapu kichwani.

"Unataka nini?" aliuliza ombasha, mkubwa wa askari wale.

"Dada yangu yumo humu. Nataka kuingia."

"Mume wako tunaye?"

"Sina mume, waitu," alimjibu kwa heshima ya kwetu. "Alikufa."

Askari walicheka. Ombasha hakucheka. "Sikiliza, mama. Hawa wanatoka mume akija. Wewe atakutoa nani?"

"Mungu akitaka, atanitoa."

"Haya, ingia. Ila usije ukanililia."

Nilikasirika. Nilimwambia ni mjinga, kwamba shamba langu na lake sasa hayana mtu, kwamba hakuna aliyemwita. Alifungua kikapu akatoa viazi alivyovichoma nyumbani. Kisha akamchukua Kokunura.

"Nani angemshika mtoto ukienda haja?" akasema.

Hilo ndilo jibu alilonipa. Nimelitafuta jingine miaka yote hii, sijalipata.

Siku ya nne ugonjwa wa kuhara damu uliingia. Marta aliwaosha wagonjwa kwa maji yaleyale machafu. Jioni alisali kwa sauti, na hata wale ambao hawakuwa wasomaji walisogea karibu. Hakuomba tutolewe. Mimi niliomba hilo, kimoyomoyo, kila saa.

Siku ya nane Kamugisha alitoka kwenye mafunjo akajileta mwenyewe. Walimfunga kamba shingoni pamoja na wengine watano. Aliruhusiwa kusimama mbele yangu kidogo.

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Shamba la bondeni lisiote majani."

"Halitaota."

Walimvuta. Sikumwona tena.

Mimi nikaambiwa nitoke. Marta akazuiliwa, kwa kuwa hakuna aliyekuja kwa ajili yake. Wakati ule alikuwa ameanza kuumwa, amekaa ameegemea miti ya boma, midomo imepasuka. Nilikaa nje ya miiba siku mbili, nikampitishia maji ya kisima kwa kibuyu. Askari walinifukuza, nikarudi. Alikunywa kidogo. Mengine aliwapa waliokuwa pembeni yake.

Siku iliyofuata mizinga ilikaribia.

Askari walivunja kambi kwa haraka. Mtu alifungua lango. Wanawake walikimbia.

Niliingia ndani. Marta alijaribu kusimama, akaanguka.

Nilimhamishia Kokunura kifuani, nikambeba Marta mgongoni. Hakuwa mzito. Joto lake lilipenya nguo zangu. Nilimfikisha kwenye migomba ya kwanza, halafu ya pili. Risasi zilikuwa zinakata majani juu yetu.

Miguu yangu ilikataa.

"Niweke chini, Anna."

"Tutapumzika kidogo."

"Mtoto analia. Niweke."

Nilimweka. Alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa umekauka kama gome.

"Nimeshamwambia Mungu kwamba nimekubali," akasema. "Usinifanye nianze upya kumwambia. Nenda."

Nilienda.

Sikugeuka nyuma. Watu huniuliza kama niligeuka. Sikugeuka.

Nilijificha kwenye mafunjo siku tatu, maji yakinifika magotini. Niliporudi pale kwenye migomba sikumkuta. Niliita. Niliwaza kwamba labda amepona akaondoka, na wazo hilo nililishika kwa mwezi mzima.

Kisha mfanyabiashara wa Bugene, yule wa chumvi, alipita kijijini. Alikuwa Mwislamu, baba yake mtu wa pwani, mzee mpole asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kabla hajaombwa.

"Binti, yule mwenzako uliyekuwa ukija naye dukani," alisema. "Nilimkuta Isingiro, migombani. Alikuwa amekwisha kufa. Nilimzika kwa shuka niliyokuwa nayo. Sikujua dua zenu, nikamwombea kwa zetu. Unisamehe kama nimekosea."

Nilimwambia hakukosea. Nilimwuliza kama uso wake ulikuwa na utulivu.

"Alikuwa amekufa na kiu, binti yangu," akasema. Hakutaka kunidanganya, na mimi namheshimu kwa hilo.

Mwaka uliofuata ilikuja njaa. Shamba la bondeni nililipalilia kama nilivyoahidi, lakini wanajeshi wa upande huu na wa upande ule walivuna kabla yangu. Kokunura alikufa kabla hajajifunza kutembea. Juu ya Kamugisha, mtu mmoja aliyerudi alisema alimwona ameanguka na mzigo wake njiani, mbali huko kuelekea Tabora, na kwamba msafara haukusimama.

Kwa hiyo Marta aliingia bomani kumshika mtoto ambaye hata hivyo alikufa, na kumtunza mwanamke ambaye alimwacha. Nimeyapima hayo kila namna. Hayapungui.

Kanisani wananitaka nimtolee ushuhuda. Nasimama, nasema aliingia kwa hiari yake, halafu nakaa. Mwalimu wa dini humalizia yeye mambo ya taji na mbingu. Huenda ni kweli. Marta aliamini, naye hakuwa mtu wa kudanganyika.

Mimi bado nasali. Lakini katika Sala ya Bwana, tunapofika mahali pa kumwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, nafunga mdomo. Nawangoja wenzangu wapite, wafike kwenye riziki ya siku, ndipo naungana nao.