Buti za Clement Oddy

Siku niliyomwona Clement Oddy kwa mara ya kwanza, alikuwa ameinama kwenye theluji mbele ya mlango wetu, anafungua kamba za buti zake. Mimi nilikuwa kijana, nimefika kijijini Skelbeck wiki ileile kujenga kuta za mawe za mashambani, nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Nora Calvert. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni: mtu mnene, aproni ya muuza nyama inachungulia chini ya koti, anavua buti moja, kisha ya pili, anazipanga ukutani vizuri kama mtu anayekwenda kulala. Nikacheka.

"Mama," nikamwambia Bi Nora, "nje kuna mwendawazimu anavua viatu kwenye baridi."

Bi Nora alitazama mara moja tu. Sufuria ikamponyoka. Alianza kulia kabla mlango haujagongwa.

Mwanawe alikuwa dereva wa lori. Alikuwa amekufa barabarani, na kwa sababu theluji ilikuwa imeziba njia, polisi wa mjini walipiga simu kwenye duka la nyama. Oddy aliingia na soksi zake, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Akaketi karibu na yule mama, akangoja aulizwe.

"Ni Peter?"

"Ni Peter, Nora."

Basi. Nilisimama pale na kicheko changu kimenikauka mdomoni.

Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini mama yule alijua. Baba yake Oddy alikuwa muuza nyama, na pia mpeleka barua wa kijiji wakati wa vita, na telegramu za vifo vya wanajeshi zilipita mikononi mwake. Buti za posta zilikuwa na misumari chini, zinalia kwenye sakafu za mawe. Yule mzee hakutaka mama yeyote akae miaka yake yote iliyobaki akisikia kishindo kile kila anapomkumbuka mtoto wake. Kwa hiyo alizivua mlangoni. Haikupita muda, wanawake wa Skelbeck wakajua: Oddy akisimama wima, ni barua, Oddy akiinama, shika kiti. Clement alikuwa mtoto, anamfuata baba yake nyuma, na hili alilichukua pamoja na duka, mizani na kisu.

Alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Anauza soseji na pai za nyama ya nguruwe, anaimba kanisani kwa sauti mbaya, anabishana na kila mtu kuhusu mvua. Mke wake alikufa mapema na hakuoa tena. Ila kila mwaka, wiki mbili baada ya Krismasi, alibandika ndevu za manyoya ya kondoo mashavuni, akawa mpelelezi.

Mpelelezi mwenyewe ni Jabez Thorold. Hadithi zake ziliandikwa na kasisi mmoja zama za Malkia Viktoria, vitabu vingi, na kimoja kiligeuzwa mchezo wa jukwaani ambao kijiji chetu kinaucheza tangu kabla sijazaliwa. Mchezo ni uleule kila mwaka. Muuaji anajulikana, watoto wanamtaja kwa sauti kubwa hata kabla hajaingia. Hakuna anayekwenda kutafuta muuaji. Tunakwenda kwa sababu ni Januari na giza linaingia mapema. Mimi sipendi kutazamwa na watu, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuvuta pazia, na nimeivuta mpaka leo.

"Clem!" alikuwa akipiga kelele Harker, mwenye baa, kutoka nyuma. "Muuaji umemkamata, na soseji zangu za Jumamosi je?"

"Kaa chini, Harker," Oddy alijibu bila kutoka kwenye ndevu zake. "Wewe ndiye mshukiwa wangu wa pili."

Ukumbi ulicheka mpaka lile onyesho la tatu. Hapo Thorold anakwenda kumwambia mama mmoja kwamba binti yake amekutwa amekufa kwenye bwawa la kinu cha kusaga. Vitabu vya kasisi havisemi chochote kuhusu viatu. Ni Oddy mwenyewe, mwaka mmoja, bila kumwambia mtu, aliyefika mlangoni pa nyumba ile ya mbao akainama akafungua kamba za buti. Walionihadithia walisema hata watoto walinyamaza. Tangu hapo hakuacha. Miaka yote niliyovuta pazia, hapo palikuwa kimya, na Bi Nora katika safu ya mbele alitoa leso yake. Hakuna aliyepiga makofi. Hapakuwa mahali pa makofi.

Kisha akaja Bi Verity Lascombe kutoka London. Alikuwa anaandika hadithi mpya za Thorold, za watu wa leo, na alikuwa na jina kubwa. Sina ugomvi na hilo. Kasisi amekufa zamani, mpelelezi wake ni wa yeyote anayemtaka. Mwanamke yule aliketi nasi, akala pai, akalia kwenye lile onyesho kama sisi. Baadaye alikuja jikoni ukumbini, mimi naosha vikombe, Oddy anavikausha.

"Bwana Oddy, zile buti umezitoa wapi? Sikuzisoma popote."

Oddy akamweleza. Akamweleza yote, baba yake, misumari, akina mama walioshika viti. Alikuwa hajawahi kumweleza mgeni. Bi Lascombe alimshika mkono wenye maji ya vikombe, akasema, "Asante kwa kuniamini."

Kitabu kilipotoka, kililetwa na gari la maktaba. Oddy alipanda kilima mpaka kwenye ukuta niliokuwa naujenga, anahema, kitabu kimefichwa ndani ya aproni kama kitu cha wizi.

"Keti, Amos. Nikusomee."

Thorold mpya anafika kwenye nyumba ya matajiri. Anavua buti. Halafu ananyata na soksi kama paka mpaka nyuma ya mjakazi aliyekuwa akinong'ona na mpenzi wake, anawasikiliza, anamrukia, mjakazi anapiga yowe, Thorold anacheka. Ndivyo anavyofanya kitabu kizima. Ndiyo hila yake.

Oddy alifunga kitabu. Uso wake ulikuwa mwekundu, na si kwa sababu ya kilima.

"Amemfanya baba yangu mdukizi," alisema.

Niliweka jiwe, nikaliondoa, nikaliweka tena.

Mwaka haukuisha, hadithi ikawa kwenye runinga. Nchi nzima ikaona zile soksi. Watoto wa shule wakawa wananyatiana uani wakipiga mayowe. Watu waliokumbuka buti zake za jukwaani walimwambia dukani, kwa wema kabisa, "Clem, naona na wewe umeanza kumwiga yule wa runinga!" Yeye, aliyefanya hivyo tangu wazazi wao wakinyonya! Aliwafungia nyama yao, akahesabu chenji.

Bi Lascombe alipokuja mjini Leeds kutia saini vitabu vyake, Oddy alivaa suti ya mazishi akaniomba niende naye. Tulipanga foleni pamoja na wengine. Alipomwona, mwanamke yule aliinuka akamkumbatia mbele za watu.

"Clement, mpenzi wangu! Jamani, huyu ndiye muuza nyama niliyewaambia!"

"Bi Lascombe, nina ombi moja," Oddy alisema. Alikuwa amelifanyia mazoezi ndani ya treni. "Sikwambii uziondoe buti. Mwache azivue. Badilisha sababu tu, kwenye kitabu kijacho. Azivue kwa ajili ya mtu aliyefiwa. Mara moja inatosha."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto. "Lakini Clement, msomaji wa siku hizi hataki mpelelezi wa huzuni. Anataka mjanja. Na tena, baba yako hayumo kwenye kitabu."

"Soksi zake zimo."

Watu wa karibu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Bi Lascombe naye akacheka. Akamwandikia kwenye ukurasa wa kwanza: Kwa Clement, aliyeniazima buti zake.

Kwenye benchi la stesheni Oddy aliyasoma maneno yale. "Sikumwazima," akasema. Akakiacha kitabu palepale benchini, tukapanda treni.

Januari ile ukumbi ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Wageni walitoka mbali, na magari yao yaliziba njia ya kanisa. Harker aliuza bia mpaka ikaisha. Nilipovuta pazia la onyesho la tatu, niliona simu zimeinuliwa juu ya vichwa, ukuta mzima wa taa ndogondogo. Oddy alifika mlangoni pa nyumba ya mbao. Akainama. Akashika kamba.

Wakaanza kucheka. Wakapiga makofi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mjakazi, tazama nyuma yako!" na kicheko kikaongezeka.

Oddy alibaki ameinama muda mrefu. Kutoka pembeni nilimwona vizuri kuliko wote. Katika safu ya mbele Bi Nora, mzee sana sasa, ameshika leso yake, anatazama nyuma kuuliza hawa wanacheka nini. Oddy naye alimwona. Akafunga kamba tena, fundo mara mbili. Akasimama wima, akaingia kwa mama wa jukwaani na buti zake miguuni, kishindo, kishindo, juu ya zile mbao, akasema maneno yake. Hakucheza tena baada ya hapo. Ndevu za manyoya ziko kwenye sanduku nyuma ya pazia langu, na hakuna aliyeziomba.

Wako wanaosema Bi Lascombe hakuvunja sheria yoyote. Najua. Mimi shule niliishia ya msingi, siwezi kubishana na watu wa sheria. Lakini kijiji chetu kilikuwa na kitu kimoja ambacho mtu akikifanya, wote tunajua kuna nyumba imeingiliwa na msiba. Sasa mtu akikifanya, watu wanacheka. Huwezi kukirudisha. Bi Lascombe alipewa kitu hicho jikoni, na mtu mwenye kitambaa cha vikombe mkononi, akaenda kukiuza kama mzaha, na hata alipoombwa abadilishe sababu tu, sababu peke yake, alikataa huku anatabasamu. Mimi hilo naliita wizi, na nitaliita hivyo mpaka nizikwe.

Mara ya mwisho nilipozungumza na Oddy alikuwa mgonjwa kitandani. Walimshushia kitanda jikoni ili aone njia. Moyo ulikuwa umechoka, daktari alishasema. Nilikuja na matope ya shambani kwenye buti, na nilipofika mlangoni sikufikiri kitu. Nikainama, nikaanza kufungua kamba. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia kikohozi, halafu sauti yake ileile ya dukani, imepungua ila ina ukali wake.

"We Amos! Vaa buti zako, kijana. Humu bado hajafa mtu."