Picha Arobaini na Moja za Veneranda

Watu wa Tabora waliposikia kwamba Hilari Masele anafanya kazi ya sinema, walidhani anaigiza. Walimtaka awaonyeshe anavyopigana, au aimbe kidogo. Hilari alitabasamu tu, maana kazi yenyewe ukiieleza inafanana na uongo: alikuwa analipwa kukata. Mikanda iliyopigwa vijijini ilipelekwa Dar es Salaam kusafishwa, na iliporudi alikaa mbele ya kioo chenye taa kwa chini, akachagua vipande vinavyofaa, akavipunguza kichwa na mkia, kisha akaviunganisha kwa gundi yenye harufu ya kuumiza kichwa. Visivyofaa vilianguka kikapuni. Kila Jumamosi kikapu kilichomwa moto nyuma ya ofisi.

Mkubwa wake, Bwana Mabruki, mtu wa mjini hapohapo, nadhifu mpaka kucha za miguu, alikuwa na sheria moja asiyotania nayo. "Anayetazama mashine ya kupigia picha, kata," alikuwa akisema. "Tukimwacha, watu watasema wanakijiji wamepangwa." Hilari aliitii sheria hiyo kwa miaka sita. Alikata wazee na watoto wengi, na safari moja alimkata hata katibu wa tawi, aliyekuwa amevaa tai kwa ajili ya siku hiyo tu. Katibu akanuna mwaka mzima.

Mwezi wa nane mwaka 1974, lori lilifika kijijini kwa mama mkwe wake, Bertila, huko upande wa Bukene, kuwahamishia watu kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Bertila hakuulizwa kama anapenda. Aliambiwa siku. Mke wa Hilari, Veneranda, alipanda treni kwenda kumsaidia mama yake kubeba vyombo, na kwa bahati ofisi ikamtuma Hilari hukohuko pamoja na Modest, mpiga picha, watengeneze sinema ya uhamiaji huo.

Modest aliwaambia akina mama wapite kwa mstari, kila mmoja na mzigo wake, bila kuitazama mashine. Wakapita. Veneranda alikuwa wa nne, na kinu kichwani. Hilari alisimama nyuma ya Modest, ameshika sanduku la mikanda, na shati lake lilikuwa limefungwa kombo, kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Kosa hilo alilifanya karibu kila asubuhi ambayo mkewe hakuwapo nyumbani. Veneranda alipomfikia aligeuka taratibu, shingo na kinu pamoja, akaliona shati, akacheka.

Mwezi wa kumi na moja homa ilimshika Veneranda. Siku nne tu. Siku ya tano walimzika. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na kwa miaka minane ya ndoa hawakuwahi kupiga picha pamoja, kwa kuwa kila mwaka walisema mwakani. Hilari alirudi kwenye chumba chake karibu na stesheni, akajifunza kujipikia. Ugali ulimshinda kupima. Kila jioni alisonga wa watu wawili, akala nusu, akakaa anautazama uliobaki. Alikuwa mpweke, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni mpweke.

Mikanda ilirudi kutoka Dar mwezi wa pili. Hilari aliipitisha juu ya kioo kama kawaida, kipande baada ya kipande, mpaka akafika kwenye mstari wa akina mama. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu mkono wake ukasimama.

Sekunde moja ya sinema ina picha ishirini na nne. Tangu pale jicho la Veneranda lilipoanza kuifikia mashine hadi alipotoka pembeni akiwa anacheka, Hilari alihesabu picha arobaini na moja. Haikufika hata sekunde mbili. Sheria ilijulikana. Aliweka wembe, akakata huku, akakata kule, akaunganisha. Ndani ya sinema akabaki mwanamke mwenye kinu anayeanza kugeuka, kisha mara ukaja mlingoti wa bendera.

Lakini tusimsingizie Bwana Mabruki kila kitu. Kile kipande hakikwenda kikapuni. Hilari alikivingirisha, akakitia katika kikopo kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka ya Veneranda, na alijua vizuri kwamba hata kama isingekuwapo sheria, angekikata. Alimtaka awe wake peke yake.

Kila jioni, kabla jua halijazama, alisimama dirishani akakivuta kile kipande polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, picha moja moja. Fundi kama yeye alijua kabisa kwamba mkanda hushikwa pembeni tu, tena kwa mikono mikavu. Alijua pia kwamba kikopo, hata ukikisugua kwa majivu, hakiachi mafuta. Wanafunzi wake angewagombeza. Yeye mwenyewe aliendelea.

Mwezi wa nane uliofuata, gari la sinema lilitumwa kule kijiji kipya, na Hilari akaenda nalo kuendesha mashine ya kuonyeshea. Walionyesha mchana, katika darasa la shule, madirisha yamezibwa kwa mikeka na mablanketi. Shuka ilitundikwa katikati ya chumba. Watu wengi walikaa mbele, upande wa mashine, ila Bertila na wanawake wachache walikaa nyuma ya shuka. Kwa Wanyamwezi mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, wala hawazungumzi ana kwa ana. Kwa miaka yote ile Hilari alimjua Bertila kwa nyayo zake na kikohozi chake. Na shuka haina kisogo. Picha huonekana pande zote mbili, ila kwa nyuma wa kulia anakuwa wa kushoto.

Sinema ilipokwisha, watu walipiga makofi, wakatoka nje kunywa maji. Apolinaria, mdogo wake Veneranda, alizunguka shuka akaja mpaka kwenye mashine.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Apolinaria."

"Mama anauliza, dada alikuwa anageuka. Mbona hakumaliza kugeuka?"

"Mwambie ofisi haitaki watu wanaotazama mashine."

Apolinaria alikwenda nyuma ya shuka, akarudi. "Mama anasema hakuwa anatazama mashine. Alikuwa anakutazama wewe. Anasema naye alikuwapo, alikuwa wa tano kwenye mstari, mbele yake akaona kisogo tu. Anauliza uso umeupeleka wapi."

Kikopo kilikuwa mfukoni mwa koti la Hilari, kama kila siku. Angeweza kusema umechomwa, na nani angembishia? Aliona haya. Alikuwa ameomboleza miezi tisa akidhani aliyefiwa ni yeye peke yake, na kumbe nyuma ya shuka alikaa mama aliyemzaa marehemu bila hata picha moja.

"Mwambie angoje," alisema.

Katika gari hakukosekana wembe na gundi, maana mikanda hukatika safarini. Alipiga magoti sakafuni, akautafuta mlingoti wa bendera, akakata, akakirudisha kile kipande mahali pake. Gundi ilikula picha moja kila upande. Akasubiri ikauke, akawasha mashine.

Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Veneranda akaingia na kinu. Akaanza kugeuka, na hapohapo shuka ikajaa michirizi, myeupe na myeusi, inamiminika kutoka juu hadi chini. Na katikati ya michirizi hiyo, uso uliofifia kama umepanguswa, na kicheko ambacho ungekijua tu kama ulikuwa unakijua tangu zamani. Halafu mlingoti.

Apolinaria alikuja tena, safari hii polepole. "Mama anauliza, mbona mvua inamnyeshea. Siku ile ilikuwa jua kali."

"Mwambie si mvua," Hilari alisema. "Ni vidole vyangu. Nilikuwa namtazama kila siku."

Hakukuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Shuka si ukuta. Kisha sauti ya Bertila, ambayo haikuwahi kumwelekea Hilari hata siku moja, ikatoka upande wa pili.

"Rudisha, baba."

Akarudisha. Wakatazama tena, mama huku na mkwe kule, uso wa Veneranda katikati yao. Akarudisha mara sita. Mara ya saba Bertila alikohoa, na Hilari akaelewa, akazima mashine.

Kipande hakingeweza kubaki ndani ya sinema. Bwana Mabruki angekiona siku ya kwanza. Hilari alikitoa, akapunguza penye gundi. Zikabaki picha nzima thelathini na saba. Alikwenda nazo mlangoni penye mwanga, akazitazama mara ya mwisho, akachagua kama alivyozoea kuchagua, kinachofaa na kisichofaa. Akakata katikati. Kumi na nane za mwanzo ni za kugeuka. Kumi na tisa za mwisho ni za kucheka.

"Mpe mama," alimwambia Apolinaria, akimkabidhi zile za kucheka zikiwa zimefungwa katika leso safi. "Mwambie azishike pembeni, asiziguse katikati. Azielekeze juani."

Apolinaria alizishika kama anavyoshika kifaranga, akaenda.

Yeye alirudi Tabora na kikopo chake. Hata sasa, jua likikaribia kuzama, husimama dirishani akazivuta zile kumi na nane, kwa pembeni, mikono mikavu. Veneranda anageuka, anageuka, na kabla hajaliona shati, mkanda unakwisha.